Mwanamume, Mwanamke na Maradhi ya Kuambukiza

Kila mara maradhi makubwa yanapoingia nchini, watu husema maneno mawili yasiyopatana, na mara nyingi mtu yule yule huyasema yote mawili kwa siku moja. Kwanza husema kwamba maradhi hayachagui: humpata tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke. Kisha, akisikia habari za msiba kwa jirani, husema kwamba ugonjwa huu hasa ni wa wanaume, au hasa ni wa wanawake. Wakati wa korona, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa ni maradhi ya dunia nzima tarehe 11 Machi 2020, tuliyasikia maneno hayo vijiweni, sokoni na hata uwanjani mwa kanisa baada ya Misa. Leo twataka kuyapima, kwa sababu maneno ya namna hiyo ndiyo yaamuayo, bila mtu kukusudia, nani nyumbani atasogezwa karibu na kitanda cha mgonjwa na nani atabaki barazani.

Yafaa tuanze kwa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuambukizwa ni jambo moja. Kulemewa na ugonjwa hata kufa ni jambo jingine. Mwezi wa Desemba 2020 wataalamu wa London, wakiongozwa na Hannah Peckham, walitoa hesabu ya wagonjwa wa korona zaidi ya milioni 3, iliyokusanywa kutoka nchi nyingi. Waliona kwamba kati ya walioambukizwa nusu walikuwa wanaume na nusu wanawake. Lakini walipowahesabu waliofikishwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi, uwezekano wa mwanamume kuingia humo ulikaribia mara 3 ya ule wa mwanamke, na uwezekano wake wa kufa ulizidi kwa asilimia 39. Basi aliyesema kwamba maradhi hayachagui alisema kweli kuhusu kuambukizwa, na aliyesema kwamba yanawaonea wanaume alisema kweli kuhusu kufa. Kosa lao lilikuwa moja: kila mmoja alidhani ameyasema yote.

Kwa nini wanaume walilemewa zaidi? Sehemu ya sababu imo mwilini, jinsi Mungu alivyotuumba. Mwanamke ana kromosomu mbili za aina ya X, mwanamume anayo moja tu, na katika kromosomu hiyo zimo jeni kadhaa zinazoongoza kinga ya mwili. Moja yao huitwa TLR7. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku: hutambua virusi vya namna ya korona vinapoingia, ikapiga mbiu. Mwaka 2020 waganga wa Uholanzi waliandika habari za vijana 4 wa kiume, kutoka familia 2, waliougua vibaya mno ingawa kabla ya hapo walikuwa na afya yao. Wote walikuwa na dosari katika jeni hiyo. Dada yao angerithi dosari ile, angalikuwa bado na kromosomu ya pili ya kumtegemeza. Mwaka huo huo wataalamu wengine waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa mahututi walikuwa na kingamwili zilizokosea adui, zikaishambulia interferoni, ambayo ni silaha ya kwanza ya mwili dhidi ya virusi. Katika wagonjwa 987 waliopimwa, 101 walikuwa na kingamwili hizo. Na katika hao 101, wanaume walikuwa 95. Tena wanaume ndio wavutao sigara zaidi karibu kila mahali duniani, na pafu lililochakazwa na moshi halina akiba siku ya taabu.

Wala mwanamke asidhani kwamba kinga hiyo imemweka salama. Mama mjamzito aliyeshikwa na korona alikuwa katika hatari ya kufikishwa chumba cha mahututi kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Nao waliobaki na uchovu na kukosa pumzi kwa miezi mingi, homa yenyewe ikiwa imekwisha, walikuwa wanawake wengi kuliko wanaume.

Hayo ni ya mwili, na hatuwezi kuyabadili kwa kupenda. Lakini ipo sehemu ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ugonjwa wa kuambukiza hauna miguu. Hupelekwa na pumzi, na mikono, na maji, na damu, kutoka kwa mtu hadi kwa mtu aliye karibu. Na nani awe karibu na nani, jambo hilo limeamuliwa zamani na desturi zetu na kazi zetu.

Ulaya, katika miezi ya kwanza ya korona, wanawake wa umri wa kufanya kazi waliambukizwa kuliko wanaume wa umri huo katika nchi nyingi, na sababu yake haikuwa ya kutafuta kwa darubini. Wanawake ni kama asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya na wa ustawi duniani. Ndio wauguzi wodini, ndio wanaowaogesha wazee katika nyumba za kulelea, ndio wanaofagia vyumba walimolala wagonjwa. Wakati huo huo, katika vyeo vya juu vya kazi hiyo hiyo, wanawake walikuwa robo tu, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019. Aliye karibu na mgonjwa si yeye aliyekaa mezani wakati wa kuamua barakoa ngapi zinunuliwe na za kipimo gani. Wauguzi wengi walilalamika kwamba barakoa na magauni ya kujikinga vilikatwa kwa kipimo cha uso na kifua cha mwanamume, vikawapwaya. Barakoa inayopwaya mashavuni huruhusu hewa kupita pembeni, na mtu huingia wodini akidhani amejikinga.

Kanisa letu lilionja hayo pande zote mbili. Katika jimbo la Bergamo, Italia, mapadre zaidi ya 20 walikufa katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020. Wengi walikuwa wazee, na kuna waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa na kuzika wafu. Huko Livonia, katika jimbo la Michigan, Marekani, nyumba moja ya Masista Wafelisia ilipoteza masista 13 mwaka ule ule. Mapadre ni wanaume, masista ni wanawake. Wale walikuwa wakiingia nyumba za watu, hawa walikuwa wakiishi, wakisali na kula pamoja chini ya paa moja. Njia za ugonjwa zilikuwa mbili, na kila kundi lilisimama katika yake.

Hapa yatupasa kutoa onyo kuhusu hesabu, maana magazeti hupenda hesabu kuliko kuzipima. Anayepimwa ndiye anayehesabiwa. Katika miezi ya Aprili na Mei 2020, sehemu kubwa ya wagonjwa waliotambuliwa Uganda walikuwa madereva wa malori, kwa sababu mipakani kama Malaba na Mutukula ndiko upimaji ulikofanywa kwa bidii. Madereva wa malori ni wanaume. Msomaji aliyetazama hesabu zile bila kujua nani aliyepimwa angesema korona imewaangukia wanaume wa Afrika Mashariki peke yao, na mama aliyekuwa akikohoa jikoni kwake, asiyefika mpakani wala hospitalini, hakuwamo katika karatasi yoyote.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote hautoki katika korona. Unatoka Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati ule Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yatupasa sisi Wakatoliki kuusimulia bila kuficha kitu, kwa kuwa mambo hayo yalitukia katika hospitali ya misioni yetu.

Hospitali ya Yambuku mwaka 1976 ilikuwa na vitanda 120 na wafanyakazi 17, nao masista wa Kibelgiji walihudumu humo. Watu walitoka mbali kuja kutibiwa, maana dawa zilipatikana na wagonjwa walipokewa kwa moyo. Kila asubuhi zilitolewa sindano 5 tu kwa kazi ya siku nzima: za wagonjwa wa nje, za kliniki ya wajawazito na za wagonjwa waliolazwa. Sindano iliyomchoma mtu huyu ilisuuzwa katika chombo cha maji ya vuguvugu, ikamchoma na wa pili, na wa tatu. Pengine ilichemshwa jioni. Ugonjwa wa Ebola, ambao siku hizo haukuwa na jina, ulipoingia hospitalini mwishoni mwa Agosti, ulizikuta sindano zile tayari.

Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, na hospitali ikafungwa tarehe 30 Septemba. Masista nao walikuwamo katika waliokufa. Wachunguzi walipofika na kupanga majina kwa umri na jinsia, waliona jambo lililowasimamisha: wanawake wa miaka 15 hadi 29 walikuwa wamezidi. Mtu mvivu wa kufikiri angaliishia hapo, aandike kwamba Ebola yapenda wanawake vijana, kisha aende zake. Wao waliuliza wanawake wa umri huo walikwenda wapi ambako waume zao hawakwenda. Jibu lilikuwa kliniki. Wengi wao walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito au ya wagonjwa wa nje, na huko walichomwa sindano.

Katika damu ya akina mama wale hapakuwa na kitu kilichoiita Ebola. Walikwenda pale mama mwema alipoambiwa aende kwa ajili ya mtoto wake, na mahali pale palikuwa na sindano 5. Hatuandiki haya ili kuwahukumu masista, ambao wengine walilipa kwa roho zao, na ambao walifanya kazi kwa vifaa walivyokuwa navyo mbali na kila msaada. Twayaandika kwa sababu kila hospitali, zahanati na kituo cha afya kinachobeba jina la mtakatifu mlangoni lazima kijue kwamba jina lile haliui virusi. Siku hizi sindano hutumiwa mara moja na kutupwa, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini glavu zikiisha ghalani, au maji yakikatika wodi ya wazazi, habari ya Yambuku imekaribia tena.

Miaka 42 baadaye, ugonjwa ule ule ulizuka mashariki mwa nchi hiyo hiyo, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Safari hii pia zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Ebola huambukiza kwa majimaji ya mwili: matapishi, kuhara, jasho, damu, na huambukiza kwa nguvu kuliko wakati wowote mgonjwa anapokaribia kufa na baada ya kufa. Basi tuulize, katika nyumba zetu ni nani afutaye matapishi? Nani afuaye shuka? Mtoto akishikwa na homa usiku, hulala kifuani mwa nani? Mwanamke akifa, nani humwosha? Kila msomaji ana jibu, na jibu hilo halikuandikwa katika kromosomu.

Ukimwi umetufundisha somo hilo hilo kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2022, katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, kati ya kila maambukizo mapya 100, wanawake na wasichana walikuwa 63, na hasa wasichana wa miaka 15 hadi 24 waliambukizwa zaidi ya mara 3 ya vijana wa kiume wa umri wao. Mwili una sehemu yake katika hayo. Lakini msichana wa miaka 17 haambukizwi na kijana wa miaka 17 mwenziwe kila mara; mara nyingi aliyemwambukiza ni mtu mzima mwenye fedha, na pengine mwenye heshima kanisani, ambaye hakuna aliyemwuliza neno. Tukilaumu wasichana kwa hesabu ile, twamwacha huyo apite.

Sasa twageukia wanaume wenzetu, kwa maana nao wamo hatarini, na hatari yao ina aibu ndani yake. Mwaka huo huo wa 2022, katika wanawake 100 wenye virusi vya ukimwi duniani, 82 walikuwa wakipata dawa. Katika wanaume 100, walikuwa 72. Katika kifua kikuu ndivyo ilivyo, na zaidi. Kati ya kila watu 100 waliougua kifua kikuu duniani mwaka 2023, wanaume watu wazima walikuwa 55, wanawake 33, na watoto 12. Mwanamume hukaa katika kilabu cha pombe kisicho na madirisha, hushuka machimboni ambako vumbi la mawe huharibu mapafu, huvuta sigara, tena akianza kukohoa husema ni vumbi tu. Mkewe amekwisha kujua. Amemwambia mara tatu aende hospitali, naye amejibu kwamba mwanamume haendi kupanga foleni na wajawazito kwa kikohozi. Atakapokwenda atabebwa, na siku zote zile za kungoja amekuwa akilala chumba kimoja na watoto wake. Hivyo ukaidi wa mwanamume haumdhuru peke yake. Yeye hufa kwa kuchelewa, na mkewe huambukizwa kwa kumuuguza.

Kuna watakaotujibu kwamba kuuguza ni kipaji cha mwanamke, na kwamba twataka kuvuruga mpango wa nyumba. Twamheshimu mama anayemuuguza mwanawe, wala hatuna nia ya kumpokonya heshima hiyo. Lakini tumsome Luka Mtakatifu sura ya 10. Msamaria yule alikuwa mwanamume, tena msafiri mwenye shughuli zake. Alimkuta mtu njiani, akamwinamia, akamtia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akamuuguza nyumba ya wageni usiku ule. Hakutuma mtu amwite dada yake. Na Kanisa lilipotafuta wasimamizi wa wagonjwa na wauguzi liliwachagua Mtakatifu Yohane wa Mungu na Mtakatifu Kamili wa Lellis, wanaume wawili ambao wote waliwahi kuwa askari. Huyo Kamili alikuwa pia mcheza kamari hodari kabla ya kuongoka. Wana wake wa kiroho waliwauguza wenye tauni kwa mikono yao. Mwanamume Mkristu anayeona haya kushika beseni la mgonjwa anaona haya kwa jambo ambalo watakatifu wake walipewa taji kwa ajili yake.

Waganga walishauri wakati wa korona, na shauri hilo lafaa kwa maradhi mengine ya kuambukiza yanayouguzwa nyumbani, kwamba mgonjwa awe na mtu mmoja tu wa kumhudumia, mwenye afya njema, asiye mzee wala mwenye maradhi ya siku nyingi. Mgonjwa alale chumba chake, madirisha yawe wazi, wote wawili wavae barakoa, na anayehudumia anawe mikono kwa sabuni kila atokapo. Ikiwa ni Ebola, asiuguzwe nyumbani kabisa, apelekwe. Tazameni jinsi nyumba zetu nyingi zinavyofanya kinyume. Anayechaguliwa ni bibi, kwa sababu hana kazi nyingine, ingawa mapafu yake ndiyo dhaifu. Au ni mke mwenye mimba. Au ni binti wa darasa la 6, anayeachishwa masomo kwa muda usiojulikana, huku kaka yake mwenye miaka 25 na nguvu zake zote akileta chakula hadi mlangoni na kurudi. Kama tungemchagua mtu kwa kufuata shauri la waganga peke yake, mara nyingi angekuwa kaka huyo. Anaweza kumwinua mgonjwa, anaweza kuchota maji ndoo nne bila kupumzika, na kujifunza kuvaa glavu na kuzivua bila kugusa upande wa nje ni kazi ya nusu saa kwa mganga yeyote wa zahanati.

Yale ya hospitali yana wakubwa wake, nao twawaomba wapime barakoa usoni mwa wauguzi kabla ya kuziagiza, na wawaulize wauguzi wenyewe. Yale ya nyumbani yako mikononi mwa jumuiya zetu. Katika kila jumuiya ndogondogo kuna orodha ya michango, orodha ya zamu za kufagia kanisa na orodha ya wanaokwenda kuwaona wagonjwa. Twapendekeza kwamba mkutano ujao mwenyekiti atenge dakika chache, ataje wagonjwa watatu wa mwisho wa jumuiya, na kwa kila mmoja aulize ni nani aliyekuwa akimwosha, ni nani aliyekuwa akifua nguo zake, na kama mtu huyo alipewa sabuni na glavu. Katibu aandike majina. Kisha ahesabu wanaume ni wangapi, na karatasi hiyo impelekee paroko kabla ya masika, maana kipindupindu hakitangoji mkutano wa pili.